Picha yangu bado inauza programu, lakini kilo zimerudi

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa msomaji wako wa kimya kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu jambo lenyewe linamhusu dada yangu wa damu, na nyumbani sina pa kulisemea.

Dada alijiunga na programu ya kupunguza uzito inayoendeshwa na kocha mmoja kupitia simu. Unalipia, unaingizwa kwenye kundi, unatumiwa ratiba ya chakula na mazoezi ambayo ni ile ile kwa kila mtu, na kila Jumatatu asubuhi unaipiga picha mizani na kuituma watu wote waone. Dada alipungua vizuri, kocha akamfanya msaidizi wake, naye akanivuta. Nilifuata kila kitu, pamoja na vidonge vya “mitishamba” alivyokuwa akiuza pembeni. Wiki za mwanzo uzito ulishuka kwa kasi iliyonishangaza hata mimi. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nimepungua kilo kumi na kitu. Kocha akaomba picha yangu ya zamani na ya wakati ule, akaziweka pamoja na kuandika juu yake: “Hakuna visingizio. Kama yeye ameweza, wewe unashindwa nini?” Nilifurahi, sikatai.

Shangazi, kilo zimerudi zote na nyingine juu yake. Si kwamba niliamua kuacha. Nilishikwa na njaa ambayo sijawahi kuijua. Nikiwa kazini nawaza chakula, nikiwa kwenye ibada nawaza chakula. Usiku nilikuwa nafungua friji na kula nimesimama, taa sijawasha, ili watoto wasinikute. Nilipoandika kundini kwamba uzito umegoma kushuka na nachoka mno, kocha alinijibu mbele ya wote kwamba mwili hausemi uongo, anayesema uongo ni mwenye mwili. Watu wakamwekea dole gumba. Dada yangu pia. Nikajitoa.

Picha yangu hawakuitoa. Juzi mwenzangu kazini aliniletea simu yake, akauliza kama huyu ni mimi, kisha akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Anataka kujiunga. Nikamjibu ndiyo ni mimi, nikaondoka haraka.

Sasa nikisikia mtu anatoa ushuhuda wa kupungua, simwamini hata kama ni mtu ninayemheshimu. Mume wangu anasema ni wivu. Dada anasema nimekata tamaa na natafuta sababu ya kubaki nilivyo. Pengine ni kweli, maana hata siku hizi nachoka bila kufanya kazi kubwa, nasikia baridi wakati wenzangu wanajipepea, nywele zinakatika. Dada anasema hayo yote ni ya kukaa tu.

Je, Shangazi, kutoamini kwangu ni uvivu? Na picha hiyo niifanyeje bila kugombana na dada?

Niliye kwenye picha

*

Marahaba mwanangu,

Kutoamini kwako si uvivu wala si wivu. Umeona kwa macho yako jinsi ushuhuda unavyotengenezwa, na aliyeona hivyo hawezi tena kuutazama kama zamani. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu maneno uliyoambiwa mbele ya watu yameniudhi sana, na kwa sababu wapo wengi wanaoyabeba kimya kimya kama ulivyoyabeba wewe.

Ila kabla ya yote, kuna jambo umelitaja mwishoni kana kwamba ni dogo. Uchovu usioisha, kusikia baridi wakati wengine wanasikia joto, nywele kukatika: hayo hupelekwa kwa daktari, si kwa kocha. Yanaweza kutokana na upungufu wa damu, au tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, kufanya kazi chini ya kiwango. Tezi hiyo ikilegea, mwili huendesha shughuli zake polepole na uzito nao hupanda, kwa kawaida kilo chache tu, nyingi zikiwa ni maji na chumvi. Kwa hiyo sikuahidi kwamba tezi ndiyo itakayoeleza kila kilo uliyorudisha. Nasema kipimo cha damu kinatosha kujua, na hakuna zoezi linalotibu tezi iliyolegea. Nenda wiki hii.

Nenda na orodha ya dawa zote unazotumia. Zipo dawa zinazowaongezea uzito baadhi ya watu na mara nyingi hawaambiwi: za jamii ya steroidi, insulini, baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili, sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi 3. Usiache hata moja kwa uamuzi wako, uliza kwanza. Beba na makopo ya ile mitishamba. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na tangu hapo wakaguzi wa dawa wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kama vya asili. Vidonge ulivyomeza wewe huenda vilikuwa majani matupu. Daktari ajue tu kwamba ulivimeza. Na ile ya kula usiku gizani mwambie pia, hasa kama bado inaendelea. Ni jambo linalotibika, na madaktari wamelisikia kutoka kwa watu wengi kabla yako.

Sasa tuje kwenye shuhuda.

Picha yako haikuwa ya uongo siku ilipopigwa. Ulikuwa umepungua kweli. Ubaya ni kwamba wewe umeendelea kuishi, yenyewe imebaki pale pale, na kila anayeitazama anadhani bado ndivyo ulivyo. Muulize dada: mlipoanza mlikuwa wangapi kundini? Wangapi walipigwa picha? Waliojitoa wako wapi, na leo wana uzito gani? Nadhani hana jibu, si kwa sababu anaficha, bali kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaandika. Aliyepungua huombwa picha. Asiyepungua huambiwa hakujituma, kisha huondoka kwa aibu, na aibu yake ndiyo inayofanya programu ionekane haina aliyeshindwa. Ukipanga hivyo kwa miaka miwili, unaweza kuwa na ukuta mzima wa shuhuda za kweli na bado ukawa na programu isiyowafaa wengi walioilipia.

Marekani, tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara iliwahi kuchambua matangazo 300 ya kupunguza uzito na kutoa ripoti mwaka 2002. Karibu asilimia 40 ya matangazo hayo yalikuwa na angalau dai moja ambalo karibu kwa hakika si kweli, na karibu theluthi mbili yalitegemea shuhuda za wateja. Wauzaji walikuwa na kinga yao: maandishi madogo chini ya picha kwamba matokeo haya si ya kawaida. Mwaka 2009 tume ilibadilisha mwongozo wake. Maandishi hayo hayakutosha tena, na mwenye tangazo akatakiwa aseme mtu wa kawaida atarajie nini. Hilo ndilo swali la kumuuliza kila kocha, mwanangu: si yule bora wako amepungua ngapi, bali yule wa katikati, na baada ya mwaka mmoja ana uzito gani.

Zile kilo za wiki za mwanzo nazo zina maelezo yake. Mwili huhifadhi akiba ya wanga inayoitwa glaikojeni kwenye ini na misuli, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza chakula ghafla, hasa wanga, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Mizani hushuka haraka, mtu hufurahi, hupiga picha na kulipia mwezi wa pili. Mafuta hayajapungua kwa kiasi hicho, na ukirudi kula maji hurudi. Makocha wanaouza matokeo ya siku chache wanauza sehemu hii zaidi kuliko nyingine yoyote.

Njaa yako ndiyo nataka uielewe kuliko yote, maana hapo ndipo ulipodhalilishwa. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanasayansi Ancel Keys alianza jaribio na wanaume 36 waliojitolea, waliochaguliwa kwa uzima wa mwili na wa akili. Kwa miezi 6 walilishwa karibu nusu ya chakula walichozoea, hadi wakapoteza kama robo ya uzito wao. Vijana hawa imara walianza kusikia baridi muda wote, wakawa wakali, wakachoka. Chakula kikatawala mawazo yao. Walisoma vitabu vya mapishi, walivuta mlo mmoja kwa muda mrefu ili usiishe, na wapo walioshindwa wakala kwa kificho. Waliporuhusiwa kula walipendavyo, baadhi walikula mpaka tumbo likajaa na bado wakasema wana njaa. Hakuna aliyewaita wavivu.

Wewe ulikuwa na uzito tofauti na wao na ratiba tofauti, lakini mtambo ni ule ule. Mafuta ya mwili yakipungua, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ipo nayo hupungua, na ubongo hujibu kwa njaa. Matumizi ya nguvu nayo hushuka. Mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia washiriki 14 wa shindano moja la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, miaka 6 baada ya shindano, na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Kwa wastani walikuwa wamepoteza kama kilo 58 wakati wa shindano, kisha wakarudisha kama 41. Miili yao ilikuwa inatumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hao walikuwa na makocha, madaktari, kamera na nchi nzima ikiwatazama. Kama hamasa peke yake ingetosha kushikilia uzito, wao wangekuwa wa kwanza.

Kocha wako alisema mwili hausemi uongo. Kweli, na wako ulimwambia ukweli kupitia kwako: umegoma, umechoka. Yeye ndiye aliyekataa kusikia.

Kuhusu ratiba moja kwa watu wote, kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu unamaliza ubishi. Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwagawa watu wazima 609 katika makundi mawili kwa mwaka mzima, moja likipunguza mafuta na jingine likipunguza wanga. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Wastani wa makundi yote mawili ulikaribiana sana, kilo 5 hadi 6. Lakini ndani ya kila kundi wapo waliopungua hadi karibu kilo 30, na wapo walioongezeka karibu 10. Hebu fikiria ningefanya nini kama ningekuwa muuzaji. Ningechukua waliofanikiwa zaidi upande wa mafuta, nikupe picha zao. Jirani yangu angechukua waliofanikiwa zaidi upande wa wanga, naye akupe zake. Sote wawili tungekuwa na shuhuda za kweli tupu, kwa ratiba mbili zinazopingana, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angekuwa amekuambia lolote kuhusu mwili wako.

Tofauti hizo si za utashi tu. Mwaka 1990 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Claude Bouchard waliwalisha jozi 12 za mapacha wanaofanana kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku 6 za wiki, kwa takriban siku 100, wakiwa chini ya uangalizi. Aliyeongezeka kidogo zaidi aliongeza kilo 4 na kitu, aliyeongezeka zaidi aliongeza kilo 13. Chakula cha ziada kilikuwa sawa kwa wote! Pacha mmoja alielekea kufanana na mwenzake, ila jozi na jozi zilitofautiana sana. Dada yako na wewe mmechangia wazazi, lakini si mapacha, umri si mmoja, huenda usingizi si mmoja wala dawa si moja. Yeye kupungua ni jambo lake la kweli, na ninampongeza. Halikupi wewe deni.

Ndiyo maana neno lile, hakuna visingizio, silipendi. Linamlinda muuzaji pande zote. Ukipungua, sifa ni za programu. Usipopungua, kosa ni lako. Kwa mpango huo programu haiwezi kamwe kuonekana imekosea. Tena halisaidii hata kwa lile linalodai kusaidia: watafiti wanaochunguza aibu ya unene wameona mara nyingi kwamba watu wanaoaibishwa huelekea kula zaidi, kukwepa mazoezi mbele za watu, na kuchelewa kwenda hospitali. Wewe mwenyewe ulikuwa ukila gizani.

Sasa niseme na upande ambao huenda usiupende. Umeandika kwamba humwamini yeyote, hata unayemheshimu. Hapo umevuka mpaka. Wapo watu wanaopungua na kubaki hivyo. Marekani kuna daftari la watafiti lililoanzishwa mwaka 1994, lenye watu zaidi ya 10,000 waliopoteza angalau kilo 13.6 na kuzizuia zisirudi kwa mwaka au zaidi, na njia walizopitia si moja. Mtu akikuambia “mimi nilifanya hivi, ikanifaa”, huyo anakusimulia habari zake, na unaweza kumsikiliza kwa moyo mweupe. Akiongeza “kwa hiyo na wewe”, hapo ndipo uanze kuuliza maswali.

Pia usiruhusu hasira yako kwa kocha ikunyime mambo mema ambayo hayana picha. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa. Waliosaidiwa kubadili mlo na kutembea au kufanya zoezi la kiasi hicho dakika 150 kwa wiki, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 ndani ya miaka kama 3. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Hakuna kocha atakayeomba picha ya kilo 6. Nguo zile zile zinakutosha, jirani hata hagundui. Lakini damu inagundua. Kwa hiyo ukienda kliniki, pima na presha na sukari, uliza mtaalamu wa lishe kama yupo, na muulize daktari moja kwa moja iwapo kuna matibabu yanayokufaa wewe. Siku hizi zipo dawa za uzito zilizothibitishwa, zenye faida na madhara yake, na zikiachwa uzito mwingi huelekea kurudi. Ndiyo hali ilivyo, na ni heri uijue mapema.

Tumalize na picha.

Zungumza na dada kwanza, ana kwa ana, mkiwa wawili tu. Usianze na kocha, wala usimtake aache kazi yake. Omba jambo moja. Mwambie: “Dada, picha yangu haionyeshi tena ukweli, na inanidhalilisha kazini. Naomba mwitoe.” Akianza habari za kukata tamaa, rudia maneno yale yale bila kuongeza hesabu za zamani. Lile dole gumba liache kwa siku nyingine. Lilikuuma, na ipo siku utamwambia, ila likichanganywa na ombi hili mtaishia kujadili nani alimkosea nani na picha itabaki palepale.

Baadaye mwandikie kocha ujumbe mfupi ili kuwe na kumbukumbu: kwamba uliruhusu picha itumike, sasa umeondoa ruhusa hiyo, na unaomba iondolewe kila anapoitangazia. Mpe tarehe. Akikataa, nchi nyingi sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi na ofisi inayopokea malalamiko, na picha ya mtu ni taarifa binafsi. Zile nakala zilizokwisha kusambaa kwenye simu za watu hutaweza kuzikusanya zote, usijitese nazo.

Mumeo mpe barua hii aisome. Neno wivu nadhani lilimtoka tu.

Na mwenzako wa kazini, usimwache hivyo. Mwite pembeni umwambie: ndiyo, ni mimi, nilipungua, njaa ikanizidi, kilo zikarudi. Kama bado anataka kujiunga ni hiari yake, ila aombe kwanza kuonana na watu watatu waliojiunga miaka miwili iliyopita, awachague mwenyewe badala ya kuchaguliwa na kocha.

Majibu ya damu yakitoka, niandikie.

Shangazi yako